Daraja la Mama Nekesa Watatu

Nekesa mama,

Jumapili nilikuacha umesimama chini ya daraja la Ndalu kama nguo iliyosahauliwa kambani, nikapanda barabarani nikajifanya naangalia ng'ombe za watu. Tangu siku hiyo umeninyamazia. Chai unanipikia, sukari unatia kama kawaida, lakini neno lako la mwisho kwangu lilikuwa "sawa", na mimi ndimi niliyekulea, najua "sawa" yako inabeba nini. Kesho unaondoka. Sitaki uende kazini Garissa na hiyo "sawa" ndani ya begi.

Sasa umeenda kuaga wenzako huko Matisi sokoni, na shangazi yako yuko nje anaondoa nguo kambani kwa sababu ya wingu hili. Nimepata meza peke yangu. Mambo ya kula vizuri, ya kufunga mlango, ya wanaume wenye magari ya kampuni, shangazi yako amekwisha kukuambia, mengine mara mbili, na mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kama shemasi. Siyarudii. Nitakuambia lile moja ambalo hata yeye halijui: kwa nini nilikataa kusimama.

Uliniomba kitu kidogo. "Baba, simama hapo kwa nguzo nikupige picha moja ya kwenda nayo." Nikakujibu, "Mimi si kijiti cha kupimia." Ukacheka. Ulidhani natania, maana mimi hutania hata matangani. Ukaenda ukasimama wewe mwenyewe, mgongo kwenye nguzo, ile sweta ya kijani uliyoitoa kwenye sanduku, ukasema, "Haya basi, nipige mimi." Nikainua kamera. Nikaiteremsha. Nikaondoka bila neno.

Niliona kitu, na nitakueleza. Ila nivumilie nianze mbali. Unajua baba yako hawezi kufika dukani bila kupitia kwa jirani.

Kabla ya madaraja nilikuwa na kile chumba cha studio pale Matisi: pazia la bluu, stuli moja, taa mbili, na kitana cha bure kwa wateja. Nyuso zote za Matisi zilipita mbele yangu. Watoto wa shule, mabibi harusi, wazee wa vitambulisho. Halafu kontrakta mmoja akaja kujenga daraja kule chini ya Ndalu, na alihitaji mtu wa kupiga picha za kazi kila inapofikia. Mimi nikajiona nimepanda cheo. Nikanunua gumbuti kubwa kuliko mguu wangu, na kofia ngumu ambayo ilikuwa inanishukia machoni. Nikapiga nguzo ya kwanza kwa heshima kubwa, mbele, nyuma, ubavuni, kama bibi harusi.

Injinia alizitazama akatikisa kichwa. "Picha ni nzuri," akasema, "lakini hii nguzo inaweza kuwa futi tatu, inaweza kuwa thelathini. Mtu wa ofisini atajuaje? Weka mtu kando yake."

Nikamwita Barasa, yule fundi wa vyuma, mtu wa mwili, aliyekuwa akibeba nondo begani kama mwavuli. Nikamwambia asimame kwa nguzo.

"Mimi? Zii," akasema. "Dalaja ikikupima, imekujua."

"Imekujua aje?"

"Si imekujua tu. Inakungoja. Wewe simama, bana. Wewe ndio uko na tumbo ya kuonekana mbali."

Wanaume wakacheka wote, nikacheka nao, lakini hakuna aliyesogea. Niliuliza wa pili, akakumbuka ana kazi upande ule mwingine. Wa tatu akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa gumbuti. Wewe umesoma ujenzi, unaweza kucheka. Mimi pia nilicheka. Sisi ni watu wa kanisa. Lakini mambo kama hayo ni kama unyevu wa ukutani: unapaka rangi, ukuta unapendeza, mvua ikija unauona palepale ulipokuwa.

Mama yako alikuwa amefuatana nami siku hiyo kwa sababu alikuwa anaelekea Lugulu kwa mama yake, kukhu wako, nawe ukiwa mgongoni. Alitutazama jinsi wanaume wazima tunavyozungushana. Akafungua leso, akakutoa mgongoni, akakutia mikononi mwa Barasa.

"Shika mtoto," akamwambia. "Nyinyi mnaogopa simiti?"

"Mama, hii maneno si mchezo," Barasa akasema, amekushika mbali na kifua kama sufuria ya moto.

"Kama daraja inanitaka, ije nyumbani na ng'ombe kama watu wengine."

Akavaa gumbuti zangu, akashuka kwenye tope, akaegemea nguzo, mikono ubavuni. Nafula mama yako, binti ya watu. Nikapiga. Injinia akafurahi, akauliza, "Mama ana urefu gani?" Naye bila kupepesa jicho akajibu, "Futi tano na inchi tano." Injinia akaandika.

Basi hivyo ndivyo mama yako alivyopata kazi isiyokuwa na jina. Kila nilipoitwa, alikuja. Kalvati za kupitishia maji chini ya barabara kule Kiminini, madaraja madogo ya kwenda Tongaren, ukuta wa kuzuia udongo pale Bungoma. Ilifika mahali injinia akawa hahesabu futi tena, anahesabu mama yako. "Hili ni la Mama Nekesa watatu kwenda juu," anasema. "Hii kalvati ni Mama Nekesa mmoja na kichwa." Wajenzi nao wakaichukua. Vipimo vya kweli walikuwa navyo, usiogope, madaraja hayakujengwa kwa mama yako. Lakini picha zilisomwa kwake.

Sasa ujue picha ya daraja inapigwaje. Unaijua, lakini ujue nilivyoipiga mimi. Unataka daraja lote liingie, kwa hivyo unarudi nyuma. Unarudi, unarudi, na yule mtu wa kipimo anazidi kuwa mdogo, mpaka anakuwa kama njiti ya kiberiti. Mimi nilikuwa hodari wa kurudi nyuma. Siku moja nilirudi mpaka nikaanguka ndani ya shimo la maji ya simiti, kamera juu, miguu juu, kofia ikaelea kama kata. Nilipotolewa nilifanana na nguzo mpya. Na neno langu kwake, miaka yote ile, lilikuwa moja, nalipiga kelele kutoka ng'ambo: "Usisogee!" Yeye alikuwa na mazoea ya kugeuka, kuongea na wapita njia, kukuita wewe utoke majini. "Mama Nekesa, usisogee!" Akanyamaza, akatulia, akatazama mbele. Nikampata vizuri. Mdogo, amenyooka, hana uso.

Nyumbani mambo yalikuwa vilevile. Mganga hajigangi. Pale studio alinikalia kwenye stuli mara nyingi kuliko mteja yeyote, lakini ilikuwa ni kujaribia taa. "Kaa hapo nione mwanga." Anakaa, anatabasamu, napiga moja mbili, narekebisha taa, halafu namfuta, nafasi kwenye kadi ya kamera ibaki ya wateja. Harusi ya kanisa tuliisogeza mbele kila mwaka. Tulikubaliana siku hiyo atapigwa picha mpaka achoke. Sikuwa na haraka. Mtu aliyeegemea madaraja yote hayo, nani angedhani ataondoka kabla yao?

Ugonjwa wake uliujua kwa jina tu, maana tulikuficha. Haukuwa wa ajabu, ni wa damu, unaua watu kila mahali, penye madaraja na pasipo. Siku za mwisho pale hospitalini alikuwa amelala chali, shuka mpaka kidevuni, nami nimekaa kando nikimmenyea chungwa ambalo hakulila.

"Baba Nekesa," akaniita.

"Naam."

"Leo nimetulia. Mbona hukubeba kamera?"

"Pona kwanza," nikamwambia. "Usukwe nywele, uvae vizuri."

"Aa. Hata hivi sisogei."

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Nikadhani ni mzaha. Mwanangu, hadi leo sijui kama ulikuwa mzaha.

Alipofariki, fundi wa majeneza aliniuliza swali lilelile la injinia: marehemu ana urefu gani? Nikajibu haraka, kama mtu anayeulizwa jina lake. Futi tano na inchi tano. Nani angenibishia? Nilikuwa na picha za kuonyesha. Na siku ya kumtoa mochari tukamlaza, na miguu yake haikufika. Palibaki nafasi pale chini, nafasi ya shubiri nzima. Mjomba wako Simiyu akakunja blanketi akaliweka pale, taratibu, kisha akanitazama.

"Dada yangu alikuwa mfupi," akasema. "Si hata mimi namshinda? Wewe hukujua?"

Sikujua. Alikuwa amejiongezea inchi zake siku ile kwenye tope ili asionekane mdogo mbele ya wanaume, nami niliyaamini hayo, nikamtumia kupimia nusu ya mito ya hapa kwetu, na siku hata moja sikuwahi kusimama kando yake nikaona kichwa chake kinanifika wapi. Nilikuwa ng'ambo siku zote.

Halafu ikatakiwa picha ya kuweka juu ya jeneza. Nikafungua masanduku yote. Daraja, daraja, kalvati, daraja. Nilijaribu kumkuza kutoka kwa ile ya Tongaren, na kadiri nilivyomkuza ndivyo alivyogeuka kuwa madoa, mpaka nikawa natazama changarawe. Mwishowe nilipanua ile ya kitambulisho chake, ambayo hata sikuipiga mimi, macho yametoka kama mtu aliyekamatwa. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Ulisimama mbele ya ile picha, mbele ya watu wote, ukasema, "Huyu si mama." Shangazi yako akakuvuta. Hukuwa umekosea, mama. Mpiga picha wa Matisi alimzika mke wake na uso wa mtu mwingine.

Barasa alikuja. Alinisalimia kwa mikono miwili, akakaa nyuma kabisa, akala, akaondoka. Neno lolote kuhusu daraja hakulisema. Wengine walilisema, kwamba daraja limemchukua liliyempima, kwa sauti ya kusikika, na nilijua namna ya kuwajibu. Lakini ni Barasa niliyemkumbuka kila nilipoinua kamera.

Hapo ndipo nilipotengeneza ule mti wa kupimia wa rangi nyekundu na nyeupe unaouona nyuma ya kabati, ambao ulipokuwa mdogo uliutumia kuangushia mapera. Sikumsimamisha mtu tena. Niliwaambia mainjinia ni mtindo wa kisasa. Na mimi siamini maneno ya nguzo kumjua mtu, nakuambia hivyo nikiwa na akili zangu. Lakini nikipita juu ya lile la Ndalu napunguza mwendo, na natazama chini upande wa kushoto. Mvua ikinyesha kwa nguvu na mto ukifura, huwa naamka na wazo moja la kijinga moyoni: ana gumbuti? Mtu mzima. Natulia, najiambia yuko Lugulu, kando ya mibuni ya kahawa ya baba yake, nilimfukia kwa mikono hii. Halafu mvua ikizidi nauliza tena.

Sasa Jumapili. Nilipoinua kamera sikukuona wewe. Ilikuwa ile sweta ya mama yako, sawa, na ile namna yako ya kuweka mikono ubavuni ambayo hakuna aliyekufundisha. Lakini hilo ningelivumilia. Kilichonitoa pale ni miguu yangu. Ilikuwa imeanza yenyewe kurudi nyuma. Hatua, na nyingine, na wewe ukaanza kupungua, na nikasikia sauti yangu ikipanda kooni kusema lile neno. Usisogee. Nikaogopa nikilisema utanitii.

Ndiyo maana niliangalia ng'ombe.

Unakwenda kufanya kazi niliyoifanya, tena kwa kamera bora na kichwa bora. Huko Garissa injinia atakuambia weka mtu. Muweke, wao hawana makosa, nguzo bila mtu haisemi chochote. Ila muulize jina. Na ukimaliza ile ya kazi usifunge kamera. Mfuate palepale alipo, kwenye tope kama ni tope, umpige na yeye. Wengine watakataa kusimama, watakuambia ya Barasa kwa lugha yao. Usiwacheke na usiwabishie. Shika mtoto wao, kama yupo.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea picha moja. Injinia aliikataa, akasema imeharibika, na mimi nikamwunga mkono. Ni ya siku niliyoanguka shimoni. Kidole kilibonyeza wakati naenda chini, kwa hivyo daraja limepinda kama mlevi, na nusu ya picha ni anga. Lakini tazama kwenye pembe. Ni yeye, ameinama, mikono juu ya magoti, anacheka mpaka ameshindwa kusimama. Uso hauonekani, sikudanganyi. Lakini hivyo ndivyo alivyokuwa anacheka, kwa magoti. Uliponiuliza mwaka ule mama alikuwa anafananaje nikakujibu "kama wewe", nilikuwa nakukwepa. Anafanana na hii. Kati ya zote alizosimama, hii ndiyo pekee ambayo hakunitii.

Nasikia sauti yako kwa lango, unamtania shangazi yako. Nitaiweka barua hii chini ya kikombe chako, uisome kabla hujalala, na asubuhi usiseme kitu, maana mjomba wako Simiyu atakuwepo na gari na sitaki kulia mbele ya mtu aliyenishinda kwa blanketi.

Tukiwa njiani kwenda kumuaga kukhu, tukifika Ndalu, nitamwambia Simiyu asimamishe. Nitashuka mimi. Nitakwenda nisimame pale kwa nguzo, mgongo kwenye simiti, mahali pale pale. Piga ya mbali kwanza, ya kiinjinia, na urudi nyuma unavyotaka. Angalia tu shimo. Halafu uje. Uje karibu mpaka uso wangu ujaze kioo cha kamera na nianze kuona haya, na nikisogea, niache nisogee.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako nimetia futi ya kamba. Mimi huwaambia watu nina futi tano na inchi nane. Usiniamini, mama. Nipime.

Baba yako